Sauti Yako Kabla ya Chura

Mutua, rafiki yangu,

Chura wako amekubaliwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ungenikatiza tu. Jumatatu Daktari, mkuu wetu wa utafiti, alituita ofisini akatuonyesha ramani. Ule msitu wa milimani kule Tanzania, ambao watu wote walisema hauna vyura wa mitini, sasa una nukta nyekundu. Wenzetu walifuata rekodi yako wakampata palepale. Watu walipiga makofi, mimi nikatoka nje nikajifanya napokea simu.

Umeniacha vibaya, ndugu yangu. Malaria ilikupanda kichwani kabla matope ya msitu hayajatoka hata kwenye buti, tukakupeleka Kitui kukuzika. Tangu hapo sijakanyaga msitu. Nashinda Kawangware kwenye ploti ya baba, nagombana na wapangaji juu ya maji. Wakiniuliza narudi kazini lini, nawaambia niko likizo. Uongo mtupu. Nirudi na nani?

Kazi yetu unaijua. Masikio yangu yaliharibika utotoni, sauti nyembamba siipati kabisa, na yule chura, mdogo kama ukucha wa kidole gumba, analia kwa sauti nyembamba kuliko zote. Wewe ulisikiliza, ukanyoosha kidole, mimi nikapekua majani mpaka nikamwona. "Huyu ni macho, mi ni maskio," uliwaambia watu. "Ukituweka pamoja tunatosha mtu mmoja." Na ile siku tulipomkuta jike tumbo limemjaa watoto, maana hawa hawatagi mayai, wanazaa, ulisema hata huyu anatafuta chumba kimoja mtaani kwenu Soweto East, na watoto wote hao. Nilicheka hadi nikateleza. Sasa nani atanichekesha kwenye mvua?

Haya, rekodi yenyewe. Sheria ni kwamba kabla ya kurekodi unataja jina, mahali na hali ya hewa, basi. Lakini wewe na sheria! "Mutua hapa. Mvua imekatika. Niko na huyu mse Njoro, haskii kitu, but macho iko sawa." Halafu unanyamaza, halafu, wanasema, chura. Daktari aliniomba nikate hayo maneno ili sauti ya chura iende kwenye hifadhi ya sauti ikiwa safi. Hakuwa na ubaya, ndivyo inavyofanywa kila mara. Nilikaa mbele ya kompyuta nikashindwa. Wao pale wanasikia chura. Mimi nasikia wewe tu. Ukiondolewa wewe, kwangu mimi rekodi nzima ni kimya.

Nikaibeba kwenye simu hadi kwa mama yako, Soweto East. Nilimkuta anachambua maharagwe ya kuuza. Aliposikia sauti yako alishika simu kwa mikono miwili akalia, nami nikalia, maharagwe yakatawanyika sakafuni na hakuna aliyeyaokota. Akataka tena. Na tena. Mwishowe akatulia, akauliza, "Na hako kanalia nyuma yake ni nini?"

Nikamwambia ndiye chura mwenyewe, Mama, ndiye aliyekuwa akimfuata.

"Na wewe humsikii?"

Nikatikisa kichwa. Basi akauchukua mkono wangu, na kila chura alipolia akanigonga kiganjani kwa kidole. Mara moja. Mara mbili za haraka. Akaacha. Akagonga tena. Mutua, miaka yote ile hukuwahi kuniambia kwamba anapumzika katikati. Nilikaa pale nimempa mama yako mkono kama mtoto anayekatwa kucha, nikamsikia chura wako kwa mara ya kwanza.

Jana nimekukata. Rekodi nzima iko kwa mama yako, na Daktari amekubali nakala nyingine ihifadhiwe na sauti yako ndani. Jina lako liko kando ya ile nukta. Lakini ile watakayoisikiliza watu inaanza na chura moja kwa moja, kana kwamba hapakuwa na mtu pale msituni. Inaniuma mno. Nilifunga kompyuta nikalala bila kula.

Kuna msitu mwingine ng'ambo ya bonde, bado haujasikilizwa. Nimepewa mwenzangu mpya, Akinyi, mama wa watoto wawili kutoka Riruta, anasifiwa kwa masikio makali. Simpendi bado. Kosa lake ni moja tu, si wewe. Nimemwomba awe ananigonga kiganjani, akanitazama kama mwendawazimu, kisha akakubali.

Naahidi nitamfuata kila atakaponyoosha kidole, hata siku nitakapotamani kumwambia arudi nyumbani. Nenda salama, ndugu yangu. Tunaondoka alfajiri. Naogopa, Mutua, na nimeshafunga mkoba.

Wako,
Njoro