Soda Nampa Mimi, Anayefukuzwa ni Mkwe

Mpendwa mshauri, msaada naomba, ingawa ukiniona huwezi kudhani nina shida, maana mtaa mzima hakuna mzee mwenye afya kama yangu, sukari siigusi, chumvi naionja kwa ncha ya ulimi, soda kwangu ni maji ya watoto, na kila nikiamka nakunywa maji ya moto glasi nzima kabla sijasema na mtu. Haya, nimedanganya, na karatasi bado haijafika hata nusu. Maji ya moto nanawia uso. Soda nakunywa kila siku jua likianza kupoa, ile nyeusi, na nisipoipata mikono inagoma kushika sindano. Mimi ni fundi viatu, kibanda changu kiko kwenye kona, kinatazamana na duka la vinywaji, na mwenye duka akiniona tu nainuka kwenye kigoda anafungua jokofu bila kuuliza.

Lakini sikukuandikia habari za tumbo langu. Nakuandikia habari za mguu wa mke wangu.

Mke wangu anaumwa kisukari, vidole viwili vya mguu wa kushoto vilishatangulia, na sasa kisigino kina kidonda kisichosikia dawa wala dua, nimemshonea kiatu cha wazi kisicho na mkanda wa nyuma, kwa ngozi laini niliyoitoa kwenye begi zuri kabisa, lakini kidonda kinakula tu, na mimi ninayenusa gundi kutwa nzima, pua yangu ilishakufa zamani, harufu ile bado naisikia. Daktari amesema sukari isiposhuka hadi kliniki ijayo watakata chini ya goti. Alisema kwa upole, kama mimi ninavyomwambia mteja kwamba soli hii haibandikiki tena.

Binti yetu mkubwa anauza kwenye duka la dawa na amejipa uwaziri wa chakula nyumbani kwetu, wali kwa kipimo, mkate mweupe marufuku, na soda usiitaje hata kwa jina. Anayepika na kuuguza ni mke wa mwanangu. Mwanangu mwenyewe ni dereva wa lori, nyumbani anapita kama mgeni. Huyo mkwe ndiye anayemwogesha mama, ndiye anayemfunga kidonda, na siku moja nilimkuta amepiga magoti anakisafisha huku anamsimulia umbea wa bombani, wote wawili wanacheka kama vile ule mguu si wa mtu.

Sasa sikiliza nilivyoingia mtegoni. Jioni moja nimerudi kazini, nimekaa kitandani kando yake, akaninusa.

"Umekunywa," akasema.

"Nimekunywa nini?"

"Mzee mzima unanuka utamu. Nipe na mimi."

"Mwanao atanichinja."

"Wamenipimia wali, nikanyamaza. Wamenikata vidole, nikanyamaza. Leo na wewe mwenzangu unaninyima funda moja?"

Mshauri, wewe ungefanyaje? Usijibu, najua ungefanya vizuri kuliko mimi.

Kwa akili yangu ya darasa la nne niliona ubaya wa soda uko kwenye gesi, maana gesi ndiyo inayonivimbisha tumbo na kunitokea puani mpaka machozi, basi nikawa naifungua mapema kibandani, naiweka kando ya cherehani, nafunika mdomo wa chupa kwa kipande cha ngozi inzi wasiingie, naiacha ife kabisa, povu hakuna, sauti hakuna, nikasema huyu sasa ni nyoka aliyeng'olewa meno. Nikifika nyumbani namimina kwenye kikombe cha chai. Chai ya rangi isiyo na sukari ndicho kinywaji alichoruhusiwa, na rangi ni ileile, anayepita mlangoni anaona mama anakunywa chai yake, basi.

"Soda gani hii haisemi?" akaninong'oneza siku ya kwanza.

"Imestaafu kama mimi."

Alicheka mpaka kitanda kikalia. Tangu vidole vikatwe sikuwa nimesikia kicheko kile. Kesho yake nikapeleka nyingine, na keshokutwa, ikawa ndiyo ada yetu.

Kumbe nyoka alikuwa na meno mengine. Kila wakipima, sukari iko juu, daktari akaongeza dawa, ikapanda, akaongeza tena. Jumapili iliyopita binti akaja, akainama kuchukua bakuli chini ya kitanda, akakiona kikombe kimejaa sisimizi. Akachovya kidole, akalamba.

"Wifi! Njoo hapa. Hii chai gani?"

"Ya rangi, wifi."

"Ya rangi na vijiko vingapi? Unamuua mama yangu kwa kijiko?"

"Mimi sukari sijaweka."

"Kwa hiyo hawa sisimizi wamekuja kumjulia hali mgonjwa?"

Mkwe akanitazama. Yeye ndiye anayeosha vile vikombe, mshauri, na mtu anayeosha vikombe vya nyumba hafichwi kitu. Anajua. Amejua siku nyingi na hakunisema.

"Baba," binti akanigeukia, "wewe si unashinda humu jioni zote? Hukumwona?"

Nikasema, "Macho yangu siku hizi yamechoka." Kikombe alikuwa amekitua karibu na goti langu. Mke wangu akajigeuza, akatazama ukuta.

Basi imeamuliwa. Jumapili hii wanaketi kikao, mkwe arudishwe kwa mama yake. Mwanangu amepigiwa simu akiwa safarini, akajibu kwamba kama anamuua mama, aende. Jana asubuhi mkwe alikuja na birika akalisimamisha mbele yangu. "Baba, chai ya mama mchukulie mwenyewe. Mimi kikombe sikishiki tena." Hakulia. Afadhali angelia. Alirudi chumbani kwake kukunja nguo.

Na jana hiyohiyo jioni, mshauri, soda nilipeleka.

Nikisema ukweli, mke wangu ameapa hatanisemesha tena, binti atamhamishia kwake nibaki nikizungumza na viatu vya watu, na mguu ukikatwa watasema msumeno niliushika mimi. Nikinyamaza, anaondoka mtoto wa watu ambaye hakunikosea lolote. Niseme, au nife nalo?

Mwisho, mimi na wewe si wageni. Wewe hunikumbuki kwa sura, lakini siku ile ya mvua kisigino cha kiatu chako kilipong'oka unakimbilia kazini, niliwaacha wateja wamesimama nikakushughulikia wewe kwanza, ukaniambia, "Mzee, ukipata jambo usisite, wema huu nitaulipa." Jambo nimelipata, wala si kubwa. Kwenye jibu lako andika, kwa zile herufi zenu nene, kwamba soda ikishakufa haina madhara, nipate kuwaonyesha Jumapili. Mstari mmoja tu.

Fundi Viatu wa Kona

*

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, wema wako naukumbuka, na mvua yenyewe naikumbuka. Mstari huo siuandiki. Gesi ikitoka, sukari inabaki palepale ilipokuwa. Chupa moja ndogo ya soda hiyo ina vijiko saba vya sukari au zaidi, iwe inachemka povu au imelala kama maji ya dimbwi. Ulichokitoa ni kelele tu. Na wewe mwenyewe ulishaanza kulijua hilo, ndiyo maana unatafuta herufi nene za kukutetea.

Pole kwa mkeo. Pole na wewe, kwa sababu kumuuguza mtu uliyezeeka naye, huku akikuomba kitu kimoja tu, si jambo dogo. Barua yako imenichekesha mara mbili, kisha nikafika pale ulipoulizwa ukasema macho yamechoka, kicheko kikanikauka. Soda ulimpa mkeo kwa huruma na kwa ujinga, na hayo mawili yanasameheka. Kunyamaza ulinyamaza kwa akili timamu. Ulimwona binti wa watu anavuliwa heshima mbele yako, yeye anayekuogeshea mke, ukachunga jioni zako. Yeye alikuwa na neno moja tu la kujiokoa, nalo lilikuwa jina lako. Hakulitamka. Sasa kati yenu nani mzee?

Sikiliza kwa makini hapa, maana hili linaua. Daktari ameongeza dawa mara mbili akipambana na sukari asiyojua inatoka wapi. Ukiogopa leo ukaikata soda kimyakimya, mkeo akaendelea na dawa zile zile nzito, sukari inaweza kumshuka ghafla, akatoka jasho, akatetemeka, akapoteza fahamu, na nyumba nzima isijue kwa nini. Kwa hiyo usingoje kliniki. Nenda naye hospitali kesho, umwambie daktari kila kitu: soda ipi, kiasi gani, tangu lini. Akikukaripia, karipiwa. Dawa aipange yeye, asiipange binti yako wala wewe.

Mkeo naye mwambie ukweli, kwamba soda uliyomwambia imestaafu ilikuwa kazini muda wote. Mdomo ni wake na mguu ni wake. Mtu mzima akiambiwa yote, akachagua, tutalia naye lakini tutamheshimu. Huyu hakuchagua; alidanganywa na mtu anayempenda. Na hata kama angechagua kuinywa hadi mwisho, bei yake hawezi kuilipa kwa ndoa ya mkwe. Akikununia, kaa hapohapo kitandani ununiwe. Muulize daktari mbele yake ni kitu gani kitamu anachoweza kuonja bila kumdhuru, ili ukirudi kazini jioni usirudi mikono mitupu.

Sikuahidi kwamba ukisema mguu utapona. Kidonda ulichonieleza kimekwenda mbali, na huenda wakakata hata sukari ikishuka. Ukitubu kwa kutarajia kununua mguu, utatubu mara moja na kujuta mara mbili.

Binti yako mkubwa asome na yeye hapa: kupenda mama si kibali cha kumwita wifi muuaji kwa ushahidi wa sisimizi. Na wewe dereva, mke hahukumiwi kwa simu.

Mzee, usingoje Jumapili. Kwenye kikao kila mtu atakuja ameshajiandaa kwa maneno, na wewe utapata utani wa kujifichia. Leo, mkwe akiwa bado yumo ndani, mwite sebuleni akae kwenye kiti, wewe simama. Mpigie binti, mpigie na mwanao, simu iwe kwa sauti. Sema, "Soda nilimpa mimi. Mke wa mwanangu hakuweka hata punje. Niliulizwa nikadanganya." Ukisikia ulimi unatafuta "lakini", funga mdomo. Kisha mwombe radhi kwa jina lake, wote wakisikia, na umwache ajibu atakavyo, hata akichagua kuondoka. Akiondoka, aondoke kwa miguu yake na jina lake safi, nawe umbebee mzigo hadi kwa mama yake ukaseme maneno hayohayo mlangoni kule.