Jina la Mikoba Yetu

Tunduma, Jumamosi, Agosti 2014

Hatimaye tovuti yetu imepata jina, na wala sikulitunga mimi.

Wiki nzima nilikuwa nimeng'ang'ania "Mng'aro". Leo fundi wa kompyuta akaniambia anwani ya mtandaoni haikubali ile alama ya ng'. Tukaiondoa, likabaki "mngaro", neno ambalo hata mimi sikujua nilisomeje. Niliudhika, nusura niahirishe kila kitu.

Nikampigia Bana Mutale, mteja wetu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka huko Zambia, anayenunua mikoba ya kitenge tunayoshona na mdogo wangu Neema. Nilimtajia jina, nikamwomba aliandike kama alivyolisikia. Aliponisomea herufi zake, alikuwa ameandika "Mungalo". Tulicheka wote.

"Bamayo, mbona jina mnalo?" akasema, akiniita mama kwa Kibemba chao. "Huku watu wanaulizia mikoba ya dada wawili."

Fundi akaandika dadawawili. Hakuna aliyekuwa amelichukua. Nikamwambia alisajili palepale, kabla mwingine hajatuwahi. Nilipoliona kwenye kioo, jina letu wenyewe, nilitamani kumwita kila apitaye njiani aje alione.

Ila hofu ninayo. Neema ana mchumba huko Mkwajuni, mbali na hapa, na jina la watu wawili likibaki na mtu mmoja...

Jioni, tukishona lebo za kwanza, nikamuuliza itakuwaje akishaolewa.

Hakuinua hata macho kutoka kwenye cherehani. "Kwani dada, nikiolewa ndiyo nitaacha kuwa mdogo wako?"