Dirisha la Kaka Salimu

Sydney, Agosti 1994

Dada Zuhura mpenzi,

Salaam nyingi kutoka kwa mdogo wako anayetetemeka kwa baridi. Kaka Salimu anaishi kwenye nyumba kama hizi za kwenye picha niliyoambatisha: za enzi ya Malkia Viktoria, zimeshikana kuta mtaa mzima, roshani zake zina chuma kilichonakshiwa kama lesi. Ukiwa nje utadhani wanakaa matajiri. Ndani, ukuta wa chumba cha watoto unatoka maji, plasta inadondoka, na ukungu mweusi umepanda hadi darini. Kichanga chao, Amina, anakohoa tangu nifike.

Jana mwenye nyumba alikuja. Wifi Rukia akamwonyesha ukungu. "Hamfungui madirisha," akasema, "ninyi mmezoea joto."

Kaka akamjibu kwa upole, "Hili limegandishwa na rangi, bwana. Jaribu mwenyewe."

Mwenye nyumba akalisukuma kwa hasira. Mbao zilikuwa zimeoza, fremu nzima ikaanguka barabarani na vioo vikatawanyika. Akatugeukia, uso umemwiva: "Mmeniharibia nyumba. Mwisho wa mwezi mhame."

Nikangoja kaka amjibu. Unamjua, Tanga nzima hakuna aliyethubutu kumfokea. Akasema, "Sorry, sir," akachukua ufagio, akashuka kuzoa vioo. Wifi akaziba tundu kwa blanketi bila kumtazama mumewe.

Sasa wanatafuta nyumba Mount Druitt, mbali huko magharibi.

Nibusie wanao. Mama mwambie wewe kwamba kaka hajambo. Mimi nimeshindwa kumwandikia.

Mdogo wako,
Mwanaidi