Risasi Isiyo na Moshi

Hollow Brook, Vermont
Jumapili, 3 Desemba 1899

Dada yangu mpendwa Lovina,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba kifua cha mtoto kimepata nafuu. Sisi huku tunaamka tu. Mama bado anapanga sahani nne mezani, kisha anairudisha moja kabatini.

Uliomba nikueleze mdogo wetu Asahel alivyokufa, maana baba alikuandikia mistari miwili tu.

Tulikwenda kuwinda paa asubuhi moja, mimi, Asahel na jirani yetu mzee Purdy. Nilibeba ile bunduki mpya niliyonunua Septemba, ya risasi zenye baruti isiyotoa moshi. Mzee, na bunduki yake ya zamani, alinicheka njia nzima. "Sasa hiyo, kijana, utajuaje kama imefyatuka?" Asahel akamjibu, "Afadhali yake, babu. Ukipiga wewe tunangoja wingu la moshi lipite, paa keshafika Kanada!" Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Tuliachana kukizunguka kichaka cha misonobari. Paa akachomoka katikati. Mzee akapiga, nami nikapiga papo hapo. Milio miwili ikawa mmoja. Paa akatokomea. Kumbe Asahel alikuwa ametoka pale tulipomwacha. Tulimkuta kwenye theluji, kifua kimetoboka, hata jina langu hakuweza kulitaja.

Mkata kuni aliyekuwa mlimani alisema aliona moshi mmoja tu, mbele ya mzee Purdy. Mzee hakubisha. Alipiga magoti akilia, "Nimemuua mtoto wa watu." Baba aliponiuliza kama nami nilipiga, nilisema sikupata nafasi.

Tangu hapo baba hamwitikii salamu. Mzee hutuletea kuni zilizochanjwa, anaziacha mlangoni na kuondoka kabla hatujafungua. Baba anazitupa kijitoni. Juzi binti wa mzee alikuja kumwambia mama kwamba babake hali chakula, anashinda ameukodolea macho ukuta.

Lovina, daktari alipoitoa ile risasi aliiweka kwenye bakuli, akaenda kunawa mikono. Risasi za mzee ni nene, hazina kitu juu. Ile ilikuwa nyembamba, imevikwa shaba. Niliitia mfukoni, nikamwambia daktari nimeitupa kwa uchungu.

Mimi ndiye niliyemuua Asahel. Nimelijua hilo kwa wiki tatu, na nimemwacha mzee wa watu alibebe.

Kesho mtu wa posta akipita nitampa barua hii kwanza, nisipate njia ya kurudi nyuma. Kisha nitakwenda kwa mzee Purdy, halafu kwa baba, halafu kwa sherifu nikajisalimishe. Sijui nitamwambia nini mama.

Nisalimie shemeji na watoto. Wakikuuliza habari zangu, mjomba wao, usiwafiche. Usipotaka kuniandikia tena sitakulaumu, ila mama mwandikie, tafadhali, mara kwa mara.

Ndugu yako,
Orrin