Mwaridi wa Mama Unazama Kwenye Chungu Kipya

Chumba cha nyuma,
Kitalu cha Miche.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kiherehere,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na wapwa zangu. Mgongo wako umepoa? Shemeji bado anakoroma mpaka bati linatikisika? Mimi mwili hauna neno. Nimenenepa kidogo, ukiniona utadhani waziri. Kinachonisumbua ni ukimya tu. Nikitania hapa hakuna anayecheka. Mpaka nimfafanulie mtu utani, umeshachacha.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Kwamba mwaridi wa mama unageuka njano, majani yamelegea, na hujui ufanyeje. Basi umekuja kwa mwenyewe. Shule niliiacha kabla haijaniacha, najua utasema, lakini mzizi haumwombi mtu cheti. Bustani zote za matajiri wa huku, miche yake imepita kwenye mikono hii. Juzi msimamizi wetu, mama mmoja mkali kama siki, alinisikia ndani ya banda.

"Unaongea na nani humo?"

"Na wafanyakazi wenzangu."

"Wamekujibu?"

"Hawa wana adabu, mama. Wanasikiliza mpaka mtu amalize."

Akaenda zake bila hata kutabasamu. Nami nikaendelea kuwasimulia miche habari za nyumbani, maana zilikuwa zimenijaa.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Umesema debe la mama lilikuwa limetoboka na kuota kutu, ukaona aibu wageni wa msiba walikute barazani, ukanunua chungu kizuri kilichopakwa rangi. Na kila anayekuja kutoa pole huumiminia mwaridi kikombe cha maji, kwa mapenzi. Shangazi peke yake viwili. Sasa nikuulize: hicho chungu kina tundu chini? Naapa hakina.

Mdogo wangu, mnauzamisha mti.

Mizizi kazi yake ni kuushika udongo ili mti usilale, na kunywa maji. Lakini mzizi nao unapumua, ile hewa iliyo katikati ya udongo. Maji yakituama hewa inakwisha, mzizi unakabwa, unaoza, na mzizi uliooza haunywi tena. Basi juu majani yanalegea kwa kiu, na huku chini miguu imo majini! Nanyi mkiona yamelegea mnaongeza kikombe. Hata mimi ningedanganyika, kama nisingekuwa mimi.

Shina ndilo mchukuzi. Linapandisha maji kwenda majanini, linateremsha chakula kwenda mizizini, na mshahara halidai. Likwaruze gome kwa ukucha, kidogo tu. Ukikuta kijani, roho ingalimo. Ukikuta kahawia, jaribu tawi jingine.

Majani ndiyo jiko. Yanachukua maji, hewa na mwanga wa jua, yanapikia mti mzima, na moshi huuoni. Yana vitundu vya kupumulia, vingi viko upande wa chini. Kwa hiyo yapanguse vumbi, lakini usiyapake mafuta kama alivyokushauri yule jirani yako kinyozi. Mafuta ni ya vichwa.

Ua ni uzuri, na uzuri una gharama. Linamwita nyuki, nyuki analeta chavua, ndipo mbegu zipatikane. Ila hayo matumba mawili unayojivunia, yakate. Mti katika hali hiyo kuchanua ni sawa na mgonjwa mahututi kuandaa harusi.

Sasa ushike kisu. Utoe mti chunguni, uisuuze mizizi polepole. Iliyo myeupe ni hai. Iliyo myeusi, inayoteleza na kunuka, imekufa, ikate. Ukikuta hata michache myeupe, rudisha mti kwenye debe lake la kutu, udongo mpya, kivulini, na shangazi anyang'anywe kikombe. Kama yote ni myeusi, usilie kwanza. Kata kipande cha tawi lenye kijani, urefu wa penseli, chini kidogo ya kifundo, pale jani linapochipukia, uache majani mawili ya juu, ukichomeke kwenye mchanga wenye unyevu. Penye jeraha ndipo mizizi mipya hutokea. Na wewe, Kiherehere, usikichomoe kila asubuhi kutazama!

Neno moja lililobaki si utani. Mama alipougua mliniandikia "hajambo, anakusalimu," barua baada ya barua, nami nikawa natamba hapa jinsi mama yangu alivyo imara. Habari ya kweli ilinifikia udongo wa kaburi umeshakauka. Najua mlinihurumia; aliye mbali hufichwa ili asiumie. Lakini niliumia vilevile, tena peke yangu, bila hata mtu wa kunishika bega. Siku hiyo nilimwagilia banda zima, safu kwa safu, na hakuna aliyejua kwamba nimefiwa.

Kwa hiyo ukishaisuuza mizizi, niandikie rangi uliyoiona. Kama ni nyeusi, andika nyeusi. Usinitunzie moyo. Mwaridi huu ukipona, nataka nifurahi pamoja nanyi, na ukifa, nataka niulilie siku mnapoulilia ninyi.

Nisalimie shangazi bila kumkasirisha. Mjomba fundi cherehani mwambie suruali yake bado inanikaa, ila kifungo kinalalamika. Wapwa zangu wabane mashavu kwa niaba yangu. Mungu awafunike kwa rehema, na mikono yako aipe upole utakapofukua.

Nangoja rangi, iwe yoyote.

Kaka yako akupendaye hata katika ukimya wa huku,
Injinia wa Mizizi