Yule wa Ukutani

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti lako limepunguza ukorofi. Mama namsalimu kwa heshima. Mwambie dawa yake ya kikohozi tuliipata na imetusaidia sote. Sisi hatujambo. Mkweo anakusalimu, na mjukuu wako, ambaye bado hujamtia machoni, ametimiza miaka sita na meno mawili ya mbele yameshang'oka.

Barua yako ya kutuarifu kwamba unakuja mwisho wa mwezi imenifurahisha, na imeninyima raha pia. Usikasirike, nitaeleza. Ila itabidi nianze mbali kidogo.

Kazi yangu ya kuchora mabango unaijua, ingawa uliwahi kusema si kazi ya mtu mzima. Inanilisha. Nachora kuku kwenye mabucha, matairi kwenye gereji, na vichwa vya wanaume kwenye vibanda vya vinyozi. Mwaka jana mchungaji wetu aliniita nichore ukuta wa chumba ambamo watoto hufundishwa Jumapili. Nilimuuliza nichore nini, akasema nimchore Mungu Baba, awe na mamlaka, awaangalie watoto, maana kelele zao zimezidi za sokoni. Nikaomba picha ya kuiga. Akacheka, akasema hiyo nikaitafute moyoni mwangu.

Basi nikapanda ngazi. Uso ulitoka kwa siku moja, mimi ambaye kichwa cha kinyozi hunilia siku mbili. Nyusi nzito zilizokutana, mdomo uliofungwa, kidole juu. Macho nikayapaka kwa mazoea ya kazi: sisi humfanya mtu wa kwenye bango atazame mbele moja kwa moja, ili mpita njia ajione anatazamwa, awe upande wowote wa barabara. Huko nje inaleta wateja. Kumbe ndani ya chumba kidogo mtoto hana pa kukaa asipotazamwa.

Kelele ziliisha. Mwalimu wao alinishukuru sana, nami nikavimba kichwa.

Nyumbani ndiko nilikoanza kuona mambo. Mjukuu wako alimwaga maziwa, na badala ya kumtazama mama yake akatazama juu, darini. Akawa akiimba, katikati ya wimbo ananyamaza. Mama yake alipomdadisi, alisema yule wa ukutani anaona, tena anahesabu. Nikasema hayo ni mambo ya watoto, yatapita. Kisha mwalimu akawaambia watoto wamchore Mungu, akaniletea karatasi ishirini na tatu, na karibu kwenye zote nyusi zimekutana. Wangu hakuchora uso. Alichora meza, na chini ya meza miguu miwili midogo. Nililia, Baba, sitakuficha.

Mchungaji ni muungwana, alikubali nirekebishe. Nikapanda tena ngazi, nia yangu kumfanya acheke. Nilipoinua pembe za mdomo akawa kama anayemcheka mtu aliyeanguka. Nilipotenganisha nyusi akafanana na mteja wa kinyozi. Nilikaa juu ya ngazi mpaka rangi ikaganda kwenye brashi, halafu nikaufunika ukuta wote kwa rangi nyeupe, nikaenda zangu.

Jumapili iliyofuata mwanangu aliniuliza yule kaenda wapi. Nilimjibu bila kufikiri kwamba amesafiri. Akauliza kama atarudi, nikasema sijui. Basi alicheza siku nne mfululizo, akaimba hadi jirani akalalamika. Siku ya tano ikafika barua yako.

Nadhani umeshanielewa. Uso ule ni wako. Sikukusudia, wala sikuugundua siku ile. Niliugundua nilipokaa pale juu nikitafuta namna unavyocheka, nikaona sina hata mara moja ninayoikumbuka. Mchungaji aliponituma moyoni, nilichokikuta humo ni wewe umesimama mlangoni, nami ndani najiuliza nimekosa nini. Sisemi hukutupenda. Ulitulisha, ukatusomesha, na viatu vyako vikiwa na matundu. Lakini nilikuogopa, na woga ule nimemrithisha mwanangu kabla hata hajakuona.

Ningeweza kunyamaza, nikuache uje. Ila utakapobisha hodi atakayekimbilia mlangoni ni yeye, na atakujua. Akikukimbia siku hiyo utaumia, nami sitakuwa na la kukueleza.

Kwa hiyo nakuomba, Baba, ukifika usisimame. Ingia jikoni, ukae kwenye kiti kifupi kilichomo, goti likuume kidogo, umwache akusogelee mwenyewe. Najua atakuuliza kama umemkasirikia. Mjibu taratibu, hata ikibidi urudie mara tatu. Mimi nilikuwa na umri wake nilipotaka kukuuliza swali hilohilo, nikashindwa. Nitakuwa chumba cha pili, mlango wazi, nikisikiliza utakavyomjibu.

Mkweo anasema ulete koti, asubuhi huku kuna baridi. Msalimie Mama tena, na dada zangu wote. Safari yako iwe nyepesi.

Ni mimi mwanao wa pili,
mchora mabango.