Mchumaji Anakula Kwanza

Jumamosi, 21 Desemba
Mbeya. Gauni la mwisho la sikukuu limeondoka saa nane. Mwenyewe kalalamika kuwa mikono imebana. Amenenepa yeye, mikono haina kosa. Nimefunika cherehani, nimepita sokoni kununua karanga, kilo mbili. Kila Krismasi kazi yangu ni karanga. Uyoga ni kazi ya Mama.

Mdogo wangu Obedi kapiga simu kutoka nyumbani. Mama ametia chumvi kwenye chai ya wageni. Juzi amepotea njia ya kisimani, njia aliyoikanyaga miaka hamsini. Obedi anasema ni uzee tu. Sauti yake haikusema hivyo.

Naogopa. Nimeandika ili nisiubebe huu woga kwenye basi.

Jumapili, 22 Desemba
Nimeshuka Mafinga mchana, nimefika kijijini saa kumi, nimelowa. Mama kanipokea mlangoni kwa salamu ya kwetu. "Kamwene, mwanangu." Moyo ukatulia. Kisha akauliza kama nimekutana na Baba njiani, maana kaenda shambani na mvua hii.

Baba tulimzika miaka tisa iliyopita. Nikasema bado yuko shambani. Nimekwenda nyuma ya jiko nikalia kidogo. Nikarudi kumenya vitunguu, nikapata kisingizio.

Wateja wangu huniuliza kwa nini Krismasi siili mjini, pilau ipo, kuku wapo. Nashindwa kuwaeleza. Sisi Krismasi yetu ni uyoga wa porini, umepikwa kwa karanga, na ugali. Mama anauchuma mwenyewe na ana sheria moja: mchumaji anakula kwanza. Mchana wa tarehe ishirini na nne anapika sufuria ndogo, anakula peke yake. Sisi tulikuwa tunakaa kumwangalia. Hatuonji mpaka kesho yake. Asubuhi tukimsikia anavunja kuni, tunajua Krismasi imefika. Ndiyo maana hakuna chakula nikipendacho kama kile. Kabla hakijafika kwangu, kuna mtu alikitangulia kwa tumbo lake.

Jumatatu, 23 Desemba
Porini asubuhi. Mama mbele, mimi nyuma na kikapu. Mikono yake inakumbuka. Uyoga wa manjano anaung'oa hata hautazami, na huo hata mimi naujua. "Usioujua, uache ulipo," akasema, kama alivyoniambia nikiwa na miaka sita. Nikafurahi. Nikaona Obedi anakuza mambo.

Kisha akainama chini ya mti, akachuma vichwa vitatu vyeupe. Akanusa kimoja. Akakitupa. Akatembea hatua mbili, akarudi kukiokota. Vyote vitatu vikaingia kikapuni.

Vyeupe viko vya kula na viko vya kuua, na vinafanana kama mapacha. Nikamuuliza kama hivi ni vya kula. "Ni vile vile," akasema. Vile vipi, hakusema. Nami nikanyamaza. Nilimwonea haya mama yangu mzazi. Mwoga mimi.

Tulipofika, akiwa ananawa miguu, nimepekua kikapu. Nimepata vyeupe viwili. Nimevitumbukiza chooni. Cha tatu hakipo. Nimepekua mara nne.

Jumanne, 24 Desemba
Nilikuwa uani nafua. Kuingia jikoni nakuta Mama kapika uyoga wote, sufuria kubwa, na kawaita watoto wa Obedi wanawe mikono. Jeni, yule mdogo, tonge lilikuwa limefika mdomoni. Nimempiga mkono likaanguka. Kalia sana. Nitamwomba radhi akikua.

Nikasema, "Mama, mchumaji anakula kwanza."

Akanitazama. "Nani kachuma?"

Nikamweleza Obedi pembeni habari ya kile cha tatu. Akashika sufuria amwage. Alikuwa na haki. Mama akatutazama mmoja mmoja, kama mgeni aliyekosea nyumba. "Kwani nimewakosea nini?" Sijawahi kumwona na uso ule. Tukimwaga leo, hatapika tena maisha yake, na atajua ni kwa nini.

Nikasema nimechuma mimi. Nikakaa chini, nikala bakuli zima. Upumbavu, najua. Wifi yangu kajifunika uso kwa khanga. Ulikuwa mtamu. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Saa tisa. Tumbo linanguruma. Labda woga.

Saa kumi. Mikono baridi. Obedi kamwomba jirani mwenye gari asiende mbali. Zahanati ni mwendo wa saa nzima, barabara ni tope.

Saa kumi na moja. Bado. Sumu ile haina haraka, inaweza kungoja mpaka alfajiri. Ndiyo maana Mama hungoja siku nzima. Sitaki kufa. Nina miaka arobaini na saba. Nina vitambaa vya watu kabatini, havijakatwa.

Mama kakaa karibu nami tangu mchana. Sidhani kama anakumbuka sababu, lakini hasogei. Ananiangalia vile vile tulivyokuwa tukimwangalia yeye. Sasa hivi kanishika goti. "Usiogope. Hata mimi niliogopa kila mwaka."

Sikujua. Miaka yote nilidhani anakula kwa sababu ana uhakika.

Jumatano, 25 Desemba
Nimeamka.

Nimelitazama neno hilo muda mrefu. Kisha nikatoka kuvunja kuni, kwa nguvu, makusudi, ili wasikie. Jeni katoka mbio bila viatu. Obedi kasimama mlangoni anajifuta macho, anasingizia moshi, na moto hata sijauwasha.

Kanisani nimeimba vibaya na kwa sauti kubwa.

Tulipokaa kula, Mama akafungua pindo la khanga yake kumtafutia Jeni pipi. Pipi haikuwemo. Kikatoka kichwa cheupe, kimenyauka. Cha tatu.

"Hiki sikukijua," akasema. "Nilitaka nikuulize wewe, nikasahau."

Obedi kakichukua, kakitupa motoni. Nimecheka mpaka nikalia, au nimelia mpaka nikacheka, sijui kipi kilianza. Siku mbili namwogopa mama yangu, naye kile asichokijua alikwisha kukitenga. Tumekula sinia moja, wote. Nimekula mpaka nikalegeza kifungo cha sketi, na sketi niliishona mwenyewe.

Alhamisi, 26 Desemba
Mvua tangu asubuhi. Kesho narudi Mbeya.

Mama kauliza kama Krismasi imefika. Nikamwambia ilikuwa jana, tumekula uyoga. Akauliza nani alikula kwanza. Nikasema mimi. Akanitazama tumbo, kisha uso.

"Basi mwakani kikapu nibebe mimi," akasema.

Baadaye kauliza kama Baba amerudi. Nikasema bado. Akasema tumwekee chakula, atarudi na njaa. Uyoga ulibaki kidogo. Nimeutia kwenye bakuli, nimeufunika, nimeuweka karibu na moto.